Foleni Iko Wapi? Kwa Wanaoanza Sanaa ya Hadharani Kuhusu Wakimbizi

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa hema. Turubai jeupe, sakafu ya mchanga, spika nne zilizofichwa pembeni zikitoa mvumo wa mawimbi, kilio cha mtoto na, kila baada ya dakika mbili, king'ora. Mpita njia aliingia gizani, akavalishwa jaketi la kuokolea lililolowa maji, akaketi kwenye ubao unaoyumba, kisha baada ya dakika tano akatokea upande wa pili akipepesa macho. Watu walitoka wakilia. Gazeti moja likatusifu. Nikajiona nimefika.

Siku ya tatu nilimleta rafiki yangu aliyeishi kambini miaka 11. Aliingia, akatoka, akalizunguka hema lote mara moja kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake. Nikamuuliza anaonaje. Akanijibu kwa swali: "Foleni iko wapi?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza taratibu kwamba kukimbia kwake kulichukua usiku mmoja na asubuhi yake. Kilichofuata kilikuwa miaka 11 ya foleni: ya maji, ya mgao, ya kuhakikiwa jina, ya zahanati, ya mahojiano, na ya kuulizia majibu ya mahojiano. "Umewaonyesha tulivyokimbia," akasema. "Hukuwaonyesha tulivyokaa."

Jioni ya siku hiyohiyo tulimkuta mama mmoja ameketi chini nje ya hema, mikono masikioni. Hakuwa ameingia. Alikuwa anapita tu, akakutana na king'ora changu. Alikuwa ametoka kwenye vita miaka michache nyuma. Katika miezi yote ya kuchora, kupima na kuomba fedha, haikunijia hata mara moja kwamba wakimbizi nao hupita barabarani. Nilikuwa nimewatengenezea wengine kazi inayowahusu wao, kisha nikawawekea king'ora njiani.

Nimeanza na aibu hizo mbili kwa sababu karibu kila anayeanza hunijia akiwa na mchoro wa hema. Kama si hema ni mtumbwi, kama si mtumbwi ni kontena. Simlaumu, maana kishawishi kimejificha ndani ya lugha yenyewe: neno mkimbizi linamtaja mtu kwa kitendo cha usiku mmoja. Linatupeleka moja kwa moja kwenye mbio, mawimbi na giza, na linaacha nje miaka ya kukaa. Basi kabla hujachora chochote, kaa na watu watatu au wanne wenye maisha hayo, uwaulize siku ya kawaida ya Jumanne ilikuwaje. Usianze na usiku wa kukimbia. Ukiuliza habari za Jumanne utapata karatasi zilizokunjwa mpaka zikachanika, simu inayochajiwa kwa jirani, mtoto anayemtafsiria mama yake maneno ya daktari, na fundi mwenye mikono mizima aliyekatazwa kufanya kazi. Hiyo ndiyo malighafi yako.

Sasa, jambo lenyewe ninalotaka ulichukue. Katika sanaa shirikishi, kazi ni kile anachofanya mtazamaji. Mbao, taa na rangi vinakuja baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza ni: mkono wa huyu mtu utafanya nini, na je, kitendo hicho ni cha kweli? Wengi hujibu kwa kumgeuza mtazamaji kuwa mkimbizi kwa dakika tano. Mimi nimeacha kabisa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu ambaye viatu vyake vinamngoja mlangoni, na anayejua kwamba akichoka atatoka, haonji ukimbizi, anaonja msisimko. Tena hutoka akidhani sasa anajua, na mtu anayedhani anajua hasikilizi tena.

Wapo waliojaribu njia hiyo kwa uangalifu mkubwa, na ni haki niwataje. Carne y Arena ya Alejandro González Iñárritu, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2017, humwingiza mtu mmoja mmoja, akiwa pekupeku juu ya mchanga na miwani ya uhalisia pepe (VR) usoni, katikati ya wahamiaji wanaovuka jangwa kuelekea Marekani. Kabla ya hapo hukaa kwenye chumba baridi chenye viatu vilivyookotwa mpakani. Ninachokiheshimu ni kwamba haiishii kwenye msisimko: unapotoka unakutana na nyuso za watu halisi ambao simulizi zao zilijenga kazi ile. Vilevile maonyesho ya Madaktari Wasio na Mipaka yaliyozunguka miji ya Marekani kuanzia 2016 yalimtaka mgeni achague vitu vitano tu vya kuondoka navyo, lakini aliyemwongoza alikuwa mtu aliyefanya kazi kambini, anayeweza kumjibu na hata kumsahihisha. Ukiangalia vizuri, katika zote mbili kinachookoa kazi ni binadamu anayengoja mwishoni. Mimi hemani sikuwa naye. Nilikuwa na spika.

Njia ninayokushauri ni kumweka mtazamaji pale anaposimama kweli. Katika habari hii yeye si mkimbizi. Ni jirani, mwenye nyumba ya kupangisha, mwalimu, karani, mpiga kura, au mtu anayesoma habari hizi kwenye simu akisubiri basi. Ndiye mwenye mlango. Mpe kitendo cha mwenye mlango.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Little Amal, kikaragosi cha msichana wa Kisyria chenye urefu wa mita 3.5, kilichotengenezwa na Handspring Puppet Company ya Afrika Kusini. Mwaka 2021 kilitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, mpaka Manchester, Uingereza, mwendo wa kilomita 8,000 hivi. Ndani yake mna mtu juu ya mironjo, na wengine wakiiendesha mikono yake. Sasa tazama akili ya kazi ile: hakuna aliyeambiwa ajifanye Amal. Kila mji ulipewa swali moja tu, mtoto anakuja, mtampokeaje? Wengine walitoka na ngoma, wengine na mikate, watoto wakamshika vidole. Mjini Larissa, Ugiriki, alirushiwa vitu, na mawe yakiwemo. Hata mawe yale yalikuwa jibu la wenyeji, nayo yakawa sehemu ya kazi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi ile ilimpima mwenyeji.

Tania Bruguera alifanya jambo la namna hiyo kwa njia tofauti kabisa mwaka 2018 katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Sakafu nyeusi ilipakwa rangi inayobadilika kwa joto, na chini yake kulikuwa na picha kubwa ya uso wa kijana aliyeondoka Syria mwaka 2011. Ili uso uonekane ilibidi watu walale chini na kuipa sakafu joto la miili yao. Mmoja peke yake alifichua kipande kisichoeleweka, kwa hiyo walihitajiana. Jina la kazi lilikuwa tarakimu inayobadilika: idadi ya watu waliohama nchi kwa nchi mwaka uliotangulia, ikijumlishwa na ya waliokufa njiani. Nimewapa wanafunzi kazi hii waitafakari mara nyingi, kwa sababu kitendo na maana ni kitu kimoja. Ukimuuliza mtoto aliyelala pale alifanya nini, atakuambia: tulikuwa tunatafuta uso wa mtu.

Mabembea ya rangi ya waridi ya Ronald Rael na Virginia San Fratello yanafundisha hilohilo kwa mihimili mitatu. Tarehe 28 Julai 2019 waliipitisha katikati ya vyuma vya ukuta wa mpaka kati ya Sunland Park, Marekani, na Ciudad Juárez, Mexico, watoto na watu wazima wa pande mbili wakapandishana na kushushana. Haikumaliza hata saa moja. Bembea ya namna ile haichezeki mpaka upande wa pili awepo mtu, na uzito wake uuhisi mwilini mwako. Hapakuhitajika bango la maelezo.

Kinyume chake ni chombo bila kitendo. Kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa, mwaka 2019, Christoph Büchel aliweka kando ya maji mabaki ya meli iliyozama tarehe 18 Aprili 2015 ikiwa na mamia ya wahamiaji, waliookoka wakiwa 28 tu. Haikuwekewa maelezo mbele yake, na karibu yake palikuwa na mahali pa kunywa kahawa. Watu walipiga picha za kujionyesha. Wako wanaosema huo ndio ulikuwa ujanja wake, kutuonyesha tulivyo. Labda. Mimi nasema ukimweka mtu mbele ya kaburi bila kumwambia kuwa ni kaburi, usimcheke akikaa juu yake.

Hebu nirudi kwenye yangu, maana huko ndiko nilikolipia karo.

Kazi iliyofuata hema ilikuwa meza. Meza ya ofisini, kiti kimoja, taa, pedi ya wino na mihuri mitatu ya mpira yenye mpini wa mbao: AMEKUBALIWA, AMEKATALIWA, ARUDI TENA. Mpita njia anakaa upande wa karani. Anapewa faili la kurasa mbili la mtu aliyeomba hifadhi, na saa ya mchanga ya dakika nne. Anasoma, anagonga muhuri, analitumbukiza faili kwenye tundu la meza. Chini ya tundu kuna kihisi kinachosoma alama ya faili, na hapo spika ndogo iliyo kwenye taa inatoa sauti ya mwenye faili akieleza kilichompata kweli. Sauti haimpongezi aliyekubali wala kumsuta aliyekataa. Inasimulia tu.

Mara ya kwanza tulitumia skrini ya kugusa. Ilishindwa siku moja. Watu waliitelezesha kwa kidole kama wanavyotelezesha picha kwenye simu, faili sita kwa dakika mbili, wakaondoka. Kidole kimezoea kupita. Mkono ulioshika muhuri hauna mazoea hayo, unasita hewani. Tangu hapo nimejifunza kuchagua vitu ambavyo mkono unavijua bila maelekezo, na vyenye uzito kidogo: ufunguo, kengele ya mlango, simu ya mezani, muhuri. Mpita njia anakupa sekunde chache tu kabla hajaamua kama wewe ni sanaa au ni mtu anayeuza kitu. Kama kwenye sekunde hizo inabidi asome bango, umeshampoteza.

Jambo ambalo sikulitarajia ni muhuri uliopendwa. Wengi waligonga ARUDI TENA. Walidhani ndio wenye huruma, hauumizi mtu. Kisha taa inasema: "Niliambiwa nirudi tena mara tisa. Mara ya tano mwanangu alikuwa ameanza kunyoa ndevu." Hapo ndipo niliona watu wakiukodolea macho muhuri waliokuwa wameushika. Somo hilo nisingelipata kwa kubuni. Lilitoka kwa wenye sauti, ambao nilipowasomea maneno matatu ya mihuri walicheka kwa pamoja kwenye lile la tatu.

Faili moja lilikuwa la fundi cherehani. Kwa watu wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, habari yake inauma kwa namna ya pekee: alikuwa anaomba jembe, akakatazwa. Mkataba wa 1951 Kuhusu Hadhi ya Wakimbizi una kifungu kizima, cha 17, kuhusu kazi ya ujira, na bado katika nchi nyingi mtu hukaa miaka akilishwa kidogo na kuzuiwa kujilisha. Kama unatafuta wazo la kazi yako ya kwanza, uko huru kuanzia hapo. Hakuna mawimbi humo, lakini kila mtazamaji aliyewahi kukosa kazi ataelewa.

Faili hilohilo ndilo lililonitia kwenye kosa ambalo mpaka leo linaninyima raha. Nilibadilisha jina lake, nikabadilisha mji. Niliacha cherehani, idadi ya watoto na kigugumizi cha mmoja wao, kwa sababu ndivyo vilivyofanya simulizi iwe hai. Siku ya pili mtu wa kwao alikaa mezani, akasoma, akasema jina lake halisi kwa sauti mbele ya watu. Kubadili jina si kumficha mtu. Anayejulikana kwa watu wake hujulikana kwa kazi, kwa kilema, kwa hesabu ya watoto, kwa namna anavyocheka. Siku hizi nampa mwenye simulizi rasimu na kalamu nyekundu, namwambia afute chochote ambacho binamu yake angekitambua. Mara nyingi hufuta sentensi ninayoipenda kuliko zote. Inafutwa.

Ridhaa ni mazungumzo ya kurudiwa, hata kama sahihi imeshatiwa. Mtu anaweza kukubali mwezi wa kwanza na kukataa wa nne, kwa sababu ndugu yake aliyebaki kule amekamatwa, au kwa sababu tu ameota vibaya. Mshiriki mmoja alijitoa siku mbili kabla ya ufunguzi. Nilikasirika, nikajaribu kumbembeleza, na kumbembeleza kule kulikuwa kosa. Sasa nikihitaji sauti sita narekodi nane, na ninawaambia wote wazi kwamba mbili haziwezi kuninyima usingizi zikiondoka. Muulize pia mshiriki anamtaka mkalimani gani. Anayezungumza lugha yake anaweza kuwa wa upande uliomchomea nyumba. Na watu hawatakuambia hilo mkalimani akiwa amekaa hapo.

Walipe. Ukiwa na fedha ya kumlipa fundi umeme, unayo ya kumlipa mwenye simulizi. Lakini kabla hujalipa muulize mwanasheria, kwa sababu mahali pengi mtu ambaye ombi lake la hifadhi halijaamuliwa haruhusiwi kupokea ujira, na bahasha yako ya nia njema inaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Usitegemee kwamba yeye atajua.

Kuhusu nani ashike chombo, nenda kaangalie kazi za msanii Krzysztof Wodiczko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza fimbo ya kutembelea yenye skrini ndogo juu, ambayo mhamiaji aliibeba mwenyewe barabarani. Kwenye skrini alionekana yeye yuleyule akisimulia. Wapita njia walisogea kulinganisha uso wa kwenye skrini na wa mwenye fimbo, na kwa kusogea wakajikuta wanazungumza naye. Mwaka 2020 aliangaza nyuso na sauti za wakimbizi 12 juu ya sanamu ya amirali Farragut katika bustani ya Madison Square, New York, shujaa wa shaba akawa anasema maneno yao. Katika fimbo mhamiaji ndiye anayeamua lini asimame, lini aizime, lini aende nyumbani kulala. Jiulize kama kwenye kazi yako mwenye simulizi ana kitufe cha kuzima. Usikubali kujibu haraka.

Na usijiweke wewe. Ai Weiwei, ambaye Februari 2016 alizivika nguzo za ukumbi wa Konzerthaus, Berlin, majaketi ya kuokolea 14,000 yaliyotoka kisiwa cha Lesbos, kazi iliyosimamisha mji, mwaka uleule alilala kifudifudi ufukweni akiigiza maiti ya Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyekufa maji mwaka 2015, kwa ajili ya picha, akalaumiwa vikali. Kama yeye mwenye jina kubwa hivyo haikumfaa, wewe na mimi tuiache.

Mambo ya barabarani nitayapita haraka kwa sababu utajifunza kwa mvua ya kwanza. Kila kitu kitapandwa na watoto, kwa hiyo kijenge kibebe watu wazima wawili. Nyaya zipite juu au chini, zisipite kamwe kwenye kiwiko. Meza iwe na kimo ambacho mtu wa kiti cha magurudumu anaingiza magoti. Barua ya kibali iwe na nakala mfukoni mwa kila mhudumu, maana askari atakayekuja si yule mliyezungumza naye. Wino, betri na karatasi: mara mbili ya ulivyokadiria. Watoto watajigonga mihuri usoni. Mtoto mmoja alikwenda nyumbani na AMEKATALIWA kwenye paji la uso, na mama yake alirudi kunigombeza kwa haki kabisa. Tukahamia wino unaotoka kwa maji.

Wahudumu wanastahili maneno zaidi. Ni vizuri mmoja wao awe mkimbizi, akitaka na akilipwa. Ila wageni watamwendea wamuulize, "Na wewe ulikujaje?" Watauliza kwa upole, kwa macho ya huruma, mara hamsini kwa siku. Mpe jibu mapema na mlizoee wote: "Leo niko kazini." Kisha mhudumu mwingine aingilie kati. Hajaajiriwa kujifungua kifua kwa kila anayepita.

Chunga maneno kwenye maandishi yako. Mkimbizi kisheria amevuka mpaka wa nchi yake; wale tuliozoea kuwaita wakimbizi wa ndani hawajavuka, na ulinzi wao ni mwingine. Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mwishoni mwa 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wamelazimika kuyahama makazi yao duniani, na kati yao wakimbizi walikuwa milioni 42.7. Anayeandika kwamba wakimbizi ni milioni 123 anampa mpinzani wake fimbo ya kumchapia, na atachapwa siku ya kwanza. Tena usiitundike tarakimu hiyo kubwa ukutani ukitegemea iwaguse watu. Hakuna anayeweza kumlilia milioni. Kama lazima tarakimu iwepo, chukua ile inayopindua mazoea: takriban asilimia 73 ya wanaohitaji ulinzi wa kimataifa mwishoni mwa 2024 walikuwa wamehifadhiwa na nchi za kipato cha chini na cha kati. Hiyo nimeona ikiwafanya watu wasimame, warudi hatua moja, wasome tena.

Chuki itakuja. Tuliwahi kuweka ubao wa chaki kando ya meza kwa ajili ya maoni, na asubuhi ya pili tukakuta matusi. Niliyafuta, na chini yake nikafuta pia sentensi hii: "Kwa nini hawa wapewe nyumba na mimi sina?" Rafiki yangu yule wa foleni alinikaripia. Alisema lile ni swali, tena zuri, na aliyeliandika huenda analala vibaya kuliko yeye. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba tusi linafutwa papo hapo, swali gumu linaachwa na linajibiwa kwa chaki hiyohiyo, kwa majina ya ofisi na saa za kufungua kama tunazijua. Amua kanuni kama hiyo kabla ya kuweka ubao, na umwambie kila mhudumu, la sivyo kila mmoja atafuta kinachomuudhi yeye.

Kuhusu siku ya kufungua, wote watakushauri tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Mimi huikwepa. Siku hiyo kila taasisi ina hotuba, waandishi wamegawanyika, na wakimbizi wenyewe wameitwa mahali saba kuimba. Fungua Jumatano ya kawaida mwezi Septemba. Utakuwa peke yako, na wapita njia watakuwa wapita njia kweli.

Wafadhili watataka idadi ya waliohudhuria. Wape, ndiyo kazi yao. Wewe mwenyewe jifunze kukaa hatua ishirini mbali na kazi yako, bila beji, ukihesabu kitu kingine: mkono unasita muda gani kabla ya kugonga, wangapi wanasubiri sauti imalizike, nani anarudi siku ya pili na mtu mwingine. Na hakikisha kuna mahali pa kwenda baada ya kuguswa. Kwangu ilikuwa karatasi ndogo inayotoka kwenye droo, yenye jambo moja linaloweza kufanyika ndani ya wiki hiyo na umbali wa kutembea: darasa la lugha linalotafuta mtu wa kuzungumza na wanafunzi Alhamisi jioni, au familia inayotafuta mdhamini wa pango. Jambo moja tu. Tulipoweka saba, karatasi zilijaa kwenye pipa la kona.

Wiki ya mwisho ya meza ile, rafiki yangu alikuja bila kuniambia. Kulikuwa na watu kumi na wawili hivi wakingoja zamu ya kukaa kwenye kiti, mstari umepinda mpaka kwenye mti. Nilimwona amesimama mwisho kabisa, mikono nyuma. Nikamfuata kumwambia apite mbele. Akakataa kwa kichwa. Alisimama dakika arobaini, akasogea hatua kwa hatua, akazungumza na bibi aliyekuwa mbele yake juu ya miguu inayouma.

Zamu yake ilipofika alikaa, akasoma faili mpaka mchanga ukaisha, akaushika muhuri, akaugeuza kutazama mpira wake, akaurudisha mahali pake bila kugonga. Kisha akagusa pedi kwa kidole.

"Wino umekauka," akaniambia. "Leteni mwingine kabla ya kesho."